Elspeth Huxley: Mtoto wa Thika Aliyesikizwa na Dunia

Wahenga walinena kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii tuliisikia tangu tulipokuwa chuoni, na kwa muda mrefu nilidhani yahusu sahani ya pilau tu: aliyechelewa kufika hakuwekewa. Hivi karibuni nilipokwenda Ruiru kumsindikiza mpwa wangu katika arusi yake, ndipo nilipotambua kwamba methali hiyo yaweza kubeba hata historia ya mji mzima.

Nikaha ilifungwa siku ya Ijumaa baada ya sala. Kesho yake wenyeji wetu, ambao ni watu wakarimu kweli kweli, walituchukua sisi wageni wa pwani hadi Thika ili tukaone maporomoko ya mto Chania. Tulifika pale penye hoteli ya Blue Posts, iliyoanzishwa 1908, nayo imekaa baina ya mito miwili, Chania na Thika. Katika msafara wetu alikuwamo kijana mmoja mzaliwa wa Ruiru. Kijana huyo akaanza kutueleza habari za Thika ya zamani, na alieleza vizuri mno: mikokoteni ya ng'ombe, nyumba ya nyasi, Mzungu aliyekuja kupanda kahawa, na miti yenye maua mekundu kama makaa ya moto.

Nilimuuliza habari hizo alizipata kwa nani, kama ni kwa babu yake au kwa wazee wa mtaani. Alinijibu kwamba aliziona katika mchezo wa televisheni wa Kiingereza. Babu yake, alisema, alichuma kahawa katika mashamba ya Ruiru maisha yake yote, lakini hakupata kumsimulia lolote, wala yeye hakuuliza.

Sikumlaumu kijana yule, na sababu yake nitaieleza mbele. Lakini njia nzima ya kurudi Ruiru nilikuwa nikimfikiria mwanamke aliyemsimulia. Mwanamke huyo hakuwa wa ukoo wake, wala wa kabila lake, na alifariki dunia kabla kijana huyo hajazaliwa. Jina lake ni Elspeth Huxley. Wengi wetu pwani tumelisikia jina hili kwa mbali tu, ilhali mkono wake umetufikia hata sisi tusiojua, mpaka ndani ya makabati yetu ya vitabu vya Kiswahili. Basi nimeona si vibaya leo tumtazame maisha yake.

Marehemu alizaliwa London tarehe 23 Julai 1907, na jina lake la ukoo lilikuwa Grant. Baba yake, Josceline Grant, alikuwa mtu wa mipango mingi na fedha chache. Mama yake, Nellie, alikuwa mwanamke wa ukoo mkubwa, mchapa kazi asiyekata tamaa. Mwaka 1912 wazazi hao walikuja Afrika Mashariki kutafuta maisha, wakapata ekari 500 karibu na Thika, wakanuia kupanda kahawa. Mtoto waliletewa baadaye. Alifika Desemba 1913, akiwa na umri wa miaka sita. Kama wote waliokuja siku hizo kwa meli, alishukia hapa kwetu Mombasa, kisha akapanda gari la moshi kwenda bara.

Wakati huo serikali ya Kiingereza ilikuwa ikiwagawia Wazungu ardhi ya bara kwa sheria iliyotungwa 1902. Wenyeji waliokuwa wakiishi juu ya ardhi hiyo hawakuulizwa. Reli ya kutoka Nairobi hadi Thika ilikamilika 1913, na njia yake hupita Ruiru, katikati ya nchi ambayo baadaye ilifunikwa na mashamba ya kahawa ya masetla. Mkikuyu aliyezaliwa pale alijikuta ni kibarua mahali ambapo baba yake alikuwa na shamba. Hayo ndiyo mazingira aliyokulia mtoto Elspeth. Yeye mwenyewe hakuyajua, maana mtoto wa miaka sita hajui hati ya ardhi ni kitu gani. Alijua chui, alijua mbwa wake, alijua harufu ya nyasi zilizonyeshewa, na aliwajua watumishi kwa majina yao.

Vita Kuu ya 1914 ilipozuka baba yake aliingia jeshini, na mwaka uliofuata mama na mtoto walirudi Uingereza. Vita vilipokwisha familia ilirejea. Kahawa ya Thika haikuwatajirisha, na baadaye wazazi walihamia Njoro, ambako Bibi Nellie aliendelea na kilimo mpaka 1965, nchi ikiwa imekwisha kupata uhuru. Elspeth alisomeshwa zaidi nyumbani na mama yake. Angali msichana, alianza kuyaandikia magazeti habari za mchezo wa polo. Alipotimia miaka 18, mwaka 1925, alikwenda Uingereza kusoma kilimo katika Chuo Kikuu cha Reading, kisha akaenda Marekani katika chuo cha Cornell. Mwaka 1931 aliolewa na Gervas Huxley, binamu wa mwandishi maarufu Aldous Huxley. Kazi ya mumewe ilikuwa kuitangaza biashara ya chai duniani.

Kitabu chake cha kwanza kilitoka 1935. Kilikuwa maisha ya Lord Delamere, kiongozi wa masetla, na jina lenyewe, White Man's Country, lilikuwa kama hati ya kumiliki, kwani liliiita Kenya nchi ya mtu mweupe. Hapo ndipo tunapomwona Elspeth wa siasa. Aliwatetea masetla kwa kalamu kali. Mwaka 1944 zilichapwa barua zake za kujibizana na Margery Perham, msomi wa Oxford, juu ya mambo ya Kenya. Perham alitia shaka utawala wa masetla, naye Elspeth aliutetea. Vita vya Mau Mau vilipokuwa vimepamba moto aliandika riwaya ya 1954 ambayo haikuwahurumia wapiganaji wa msituni. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, mwana wa Limuru, alimshutumu vikali katika maandishi yake, na mashutumu hayo hayakukosa msingi.

Walakini mwanadamu si kitambaa cha rangi moja. Katika miaka ya 1930, Elspeth alikwenda kusoma elimu ya mila na desturi za watu kwa Profesa Malinowski, katika Chuo cha Uchumi cha London. Miongoni mwa wanafunzi wa mwalimu huyo alikuwamo mtu mmoja wa Gatundu, mwendo mfupi tu kutoka Thika. Mtu huyo alikuwa Jomo Kenyatta. Hebu fikiri, msomaji: mtoto wa setla aliyekulia Thika na mtoto wa nchi ile ile, wote wanasikiza mwalimu mmoja katika mji wa baridi, kila mmoja akijiandaa kuieleza dunia Wakikuyu ni watu gani. Mzee Kenyatta alitoa chake, Facing Mount Kenya, mwaka 1938. Elspeth alitoa Red Strangers mwaka 1939.

Hiki cha pili ni riwaya inayofuata ukoo mmoja wa Kikuyu tangu kabla ya kuja Wazungu. Ndani yake Wazungu ndio wageni wa ajabu, wenye ngozi nyekundu na amri zisizoeleweka. Mchapishaji Harold Macmillan, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, alimtaka apunguze maelezo ya tohara ya wasichana. Elspeth alikataa, akakipeleka kitabu kwa mchapishaji mwingine. Kumbe yule yule aliyewatetea masetla aliweza pia kujaribu kuona kwa macho ya aliyenyang'anywa. Kuona alijaribu, lakini kusema ardhi irudishwe hakusema.

Katika miaka hiyo hiyo Uingereza nzima ilikuwa na wazimu wa hadithi za upelelezi. Mtu aliuawa katika jumba kubwa, akaja mpelelezi mwenye akili, na msomaji hakulala mpaka amjue muuaji. Elspeth naye aliandika hadithi za namna hiyo, ya kwanza ikitoka 1937, nazo alizileta Afrika: maiti hupatikana katika nyumba ya Gavana au katika kambi ya wawindaji. Koloni ambamo mambo hayo hutokea ni la kubuni, na jina alilolipa ni Chania. Naam, ule ule mto wa Thika ambao mimi na wenzangu wa arusini tulisimama tukitazama maji yake yakianguka.

Sasa nafika mahali ambapo historia ya bibi huyu inaingia nyumbani kwetu. Vita vya pili vilipomalizika, serikali za Afrika Mashariki zilimwomba atazame habari za vitabu kwa ajili ya Waafrika: nani asome nini, na nani achape. Alizunguka, akaandika ripoti, akapendekeza kuundwe idara maalumu ya vitabu. Idara hiyo ilianza kazi 1948, nayo ndiyo East African Literature Bureau. Sitaki kusema kwamba wakoloni waliianzisha kwa mapenzi ya washairi. Walitaka Waafrika wasome vitabu ambavyo serikali inavijua. Hata hivyo, mtu akichimba kisima kwa haja yake, maji hayamuulizi anayekuja kuteka.

Angalia waliokuja kuteka. Sheikh Kaluta Amri Abedi alichapishiwa na idara hiyo kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi pamoja na diwani yake, mwaka 1954. Sisi tuliojifunza mizani na vina kwa kusikia tu tulipata hapo mahali pa kurejea. Haji Chum wa Zanzibar alichapishiwa Utenzi wa Vita vya Uhud mwaka 1962. Kisha idara iliendesha mashindano ya kuandika hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957 na 1958, na aliyeshinda ni Mzanzibari, Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilitoka kitabu mwaka 1960.

Nani asiyemjua Bwana Msa na kiko chake, na rafiki yake Najum? Wataalamu wote wanakubaliana kwamba Bwana Msa ana damu ya Sherlock Holmes wa Waingereza, yule aliyebuniwa na Conan Doyle. Ni kweli, tena si aibu. Lakini mzee Abdulla hakuchukua tu akaiga. Alimleta mpelelezi huyo katika vichochoro vyetu, akamzungumzisha Kiswahili fasaha cha Unguja, akamfanya avunje mambo ya mizimu kwa akili na hoja. Mwanamke wa Thika alilichukua pigo hilo la Kiingereza akalipeleka kwenye nyumba ya Gavana. Mwanamume wa Makunduchi alilichukua pigo lile lile akalipeleka uani kwetu. Na kitabu chake kilichapwa na idara iliyotokana na ripoti ya yule mwanamke. Hakika mambo ya dunia yana njia zake.

Turudi kwa Elspeth. Mwaka 1959, akiwa amepindukia miaka 50, aliketi akaandika utoto wake wa Thika. Kitabu akakiita The Flame Trees of Thika, kwa ajili ya ile miti ya maua mekundu. Wazazi wake aliwabadilisha majina, akawaita Robin na Tilly, na akayapanga mambo kama mtu anayetunga riwaya. Mwandishi aliyekuwa akibishana na wasomi juu ya siasa sasa alinyamaza, akamwachia mtoto mdogo azungumze. Kitabu kikapendwa kuliko vyote alivyoandika, navyo vilizidi 30.

Kisha ikaja televisheni. Mwaka 1981 kampuni ya Thames ya Uingereza ilionyesha kitabu hicho kama mchezo wa sehemu saba, uliopigwa picha hapa hapa Kenya. Hayley Mills, ambaye dunia ilimpenda tangu alipokuwa mtoto katika filamu, alicheza mama, na msichana Holly Aird akamcheza Elspeth. Mwaka uliofuata ulionyeshwa Marekani. Haukupita muda mrefu, mwaka 1985, ikatoka filamu ya Out of Africa, iliyotokana na kitabu cha Karen Blixen wa Denmark. Tangu hapo, watu wa mbali wakitajiwa Kenya walijiona wako barazani kwenye nyumba ya setla, jua linazama, na mtumishi mwenye kanzu nyeupe analeta chai.

Mtumishi huyo tunamjua. Katika kitabu cha Elspeth yumo mmoja aitwaye Juma. Ni Mswahili, mtu wa pwani, anayejiona mstaarabu katikati ya watu wa shamba. Mwandishi amemchora kwa mzaha na kwa mapenzi pia. Lakini Juma hutokea anapohitajiwa, kisha hurudi jikoni. Aliacha nani nyumbani? Alikula nini mwezi wa Ramadhani, na nani alimwamsha daku? Alifikiri nini usiku, peke yake, katika nchi ya baridi isiyo na adhana? Mtoto hakujua, na mtu mzima aliyeandika hakujua pia.

Hapa ndipo nisemapo hukumu yangu juu ya bibi huyu, na naitoa kwa uadilifu ninavyoweza. Mwalimu wangu wa chuoni alitufundisha kwamba shahidi hutakiwa aseme alichokiona, na hakimu asimdai asichokiona. Elspeth alikuwa shahidi mzuri wa vitu vidogo. Mvua yake ni mvua ya kweli, vumbi lake ni vumbi la Thika. Kosa lililo kubwa ni la mahakama: ilimsikiza shahidi mmoja tu, mtoto wa upande mmoja, kisha kesi ikafungwa. Utamu wa ushahidi wake ukawafanya watu wasahau kuuliza lile shamba lilipatikanaje. Kitabu chake cha siasa cha 1935 waliweza kukipinga, kwa kuwa kilikuja waziwazi na hoja zake. Lakini nani atasimama kubishana na mtoto anayelilia mnyama wake? Na hiyo ndiyo nguvu ya hadithi, nyimbo na michezo ya Waingereza duniani. Bendera yao ilishushwa hapa Desemba 1963, na hadithi zao zilibaki zikiburudisha, kwa hiyo hakuna aliyezifungia mlango.

Bibi Elspeth Huxley alifariki tarehe 10 Januari 1997 huko Tetbury, Uingereza, akiwa na miaka 89. Idara aliyoipendekeza ilivunjika pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, na tawi la Kenya likawa Kenya Literature Bureau, ambayo watoto wetu wanavijua vitabu vyake shuleni. Thika ni mji wa viwanda na mananasi. Barabara kuu iliyofunguliwa 2012 humfikisha mtu Nairobi upesi, na pale Ruiru mashamba mengi ya kahawa yameota nyumba za ghorofa. Anayetaka kuiona Thika ya Elspeth sharti afungue kitabu.

Niliahidi kueleza kwa nini sikumlaumu kijana wa Ruiru. Babu yangu mzaa mama alikuwa mpishi. Katika miaka ya 1930 na 1940 alipika katika nyumba za Wazungu huko bara, akirudi Mombasa mara moja kwa mwaka, na wakati mwingine hata mwaka ukapita. Alifariki nikiwa na miaka 14. Nilikaa naye barazani jioni nyingi, yeye akivuta tasbihi, mimi nikisoma vitabu vya Bwana Msa, na sikumuuliza hata siku moja. Nilijua kila alilolifanya mpelelezi wa kubuni, na sikujua babu yangu aliishi wapi huko bara. Yeye ndiye Juma, msomaji wangu, na mimi ndiye niliyemwacha jikoni.

Niliporudi kutoka arusini sikukaa. Nilikwenda kwa mama mkubwa, dada yake mama, ambaye umri umeshamkalia, nikachukua daftari. Alikumbuka mambo mawili tu. Kwamba babu alikuwa akichukua kopo la bizari kutoka nyumbani kila safari, kwa sababu chakula cha Wazungu alikipika lakini hakikumshuka. Na kwamba usiku wa kuamkia Idi, asiyepewa ruhusa ya kurudi, alitembea kwa miguu mpaka penye msikiti, akafika alfajiri.

Ni mistari michache katika daftari, haiwezi kushindana na mchezo wa televisheni wa sehemu saba. Lakini sasa yupo. Kijana wa Ruiru nimempelekea salamu kwamba nyanya yake, nasikia, angali hai, naye alichuma kahawa pamoja na mumewe. Namwombea asichelewe. Na wewe uliyeshika gazeti hili, ikiwa nyumbani kwako kuna mzee, funga ukurasa huu uende ukamuulize.